Bustani ya Watoto, Ndege na Bibi Anayeogopa Nyoka

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne, na tunaishi Isyesye hapa jijini Mbeya katika nyumba tuliyohamia mwaka jana. Kiwanja chetu kina mita 20 kwa 25. Nyumba imejengwa upande wa mbele, hivyo nyuma kumebaki kama mita 11 zinazoteremka taratibu hadi kwenye ukuta wa jirani. Kwa sasa eneo hilo lina nyasi zilizoota zenyewe, mparachichi mmoja tuliouhurumia wakati wa ujenzi, mpasheni uliotambaa kwenye seng'enge, na rundo la vigae na matofali yaliyobaki kwa fundi. Karibu na bomba kuna kichaka kirefu chenye majani mapana kama kiganja cha mkono na matunda yenye miiba laini, ambacho watoto wanakipenda sana kwa sababu mbegu zake zina madoadoa mazuri na wao huzitumia kama kete za bao.

Nililelewa Tukuyu, ambako asubuhi mtu aliamshwa na ndege kabla ya jogoo. Ningependa watoto wangu nao wapate mahali pa kucheza ambapo chozi anakuja kunywa maua, vipepeo wanapita, na chura anasikika mvua inapoanza. Mume wangu anataka eneo lote la nyuma liwekwe pevingi mpaka ukutani, kwa kuwa pevingi ni safi na haina kazi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anamuunga mkono kwa sababu nyingine: anasema majani ni nyumba ya nyoka, na siwezi kumcheka, kwa maana mtoto wa ndugu yake aliumwa na nyoka kijijini.

Mwezi Juni mambo yalichacha. Binti yangu alimkuta kinyonga kwenye mpasheni, akaanza kumtembelea kila anaporudi shule. Mama mkwe alipomwona alisema huo ni mkosi ndani ya boma, na kijana aliyekuwa akitengeneza geti akamuua kwa mpini wa koleo. Mtoto hakula chakula cha usiku ule. Wiki chache baadaye mdogo wake akaumwa na nyuki, na hapo hoja yangu ikazidi kudhoofika.

Mume wangu amesema kwamba nikimletea mpango ulioandikwa kabla mafundi wa pevingi hawajaja mwishoni mwa Septemba, atausikiliza. Fedha tulizonazo si nyingi. Je, katika eneo dogo kama hili inawezekana kuwa na bustani ambayo watoto wako salama, wazee hawana hofu, na viumbe wengine nao wanakaribishwa?

Mama Wawili,
Isyesye, Mbeya

—

Mama Wawili,

Kabla sijagusa habari ya ndege na maua, naomba uende kwenye lile bomba leo hii. Kichaka ulichokieleza ni mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, na zile kete za bao zina sumu kali iitwayo risini. Mbegu chache tu zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto wa umri wa mwanao. Kusanya mbegu zote walizonazo watoto, pamoja na zilizo mifukoni na chini ya vitanda, kisha muzitumbukize katika choo cha shimo au muzifukie chini sana, na mti wenyewe ung'olewe pamoja na mizizi. Ikitokea siku yoyote mtoto ametafuna mbegu hiyo, mpelekeni hospitali mara moja mkiwa na tawi au mbegu ya kumwonyesha daktari, wala msisubiri dalili, kwa kuwa dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu katika barua yako nyumba nzima ina hofu na kinyonga, ambaye hana sumu kabisa, ilhali kilichokuwa hatari kweli kilikuwa kinachezewa bao. Mkiwa na jembe mkononi, angalieni pia kama kuna mbono kaburi kwenye uzio, kwa kuwa mbegu zake nazo huwadhuru watoto. Minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuharibu macho. Na yale maua makubwa meupe au ya manjano yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo nyanda zetu za juu yanastawi sana na watu huyapenda kwa harufu yake ya usiku. Yote haya ni sumu. Mtoto wa miaka minne bado anaonja dunia kwa mdomo, na bustani yake ipandwe kwa kulikumbuka hilo.

Sasa niingie kwa mama mkwe, kwa kuwa naamini bustani yako itasimama au itaanguka kwa neno lake. Bustani ambayo bibi wa nyumba haiamini haimalizi mwaka, maana siku moja utarudi kutoka kazini ukute kijana mwenye panga ameitwa na kila kitu kimefyekwa. Hofu yake ina msingi, lakini imeelekezwa pasipo penyewe. Nyoka haji kwa ajili ya maua. Anakuja kwa sababu ya panya, na hukaa penye matundu ya kujificha, na katika uwanja wenu nyumba iliyo tayari kwa nyoka ni lile rundo la vigae na matofali, hasa kama mabaki ya chakula au pumba za kuku hutupwa karibu nalo. Liondoeni lote. Taka za jikoni zisilale nje usiku, mahindi yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na nyasi za karibu na nyumba zikatwe fupi kiasi kwamba hata mjusi akipita anaonekana. Mkifanya hivyo mtakuwa mmempunguzia nyoka sababu za kuja kuliko ambavyo pevingi ingefanya, kwa kuwa panya haogopi pevingi; akipata chakula juu yake atachimba pembeni yake.

Sitakudanganya kwamba bustani yenye vyura na ndege haiwezi kamwe kupitiwa na nyoka. Inaweza. Ndiyo maana mpango ninaokupa umejengwa juu ya umbali: kadiri unavyokaribia mlango wa jiko ndivyo bustani inavyokuwa nadhifu na wazi, na kadiri unavyokwenda kwenye ukuta wa nyuma ndivyo inavyoachiwa kuwa ya porini. Chora mita zako 11 hivi kwenye karatasi ya mume wako. Mita mbili za kwanza kutoka ukuta wa nyumba ziwe na pevingi, na hapo ndipo mama mkwe ataweka kiti chake na kuanika nafaka bila kukanyaga majani. Mita nne zinazofuata ziwe ukoka unaokatwa mfupi, pawe uwanja wa kuchezea, na dirisha la jiko liutazame moja kwa moja. Mita mbili baada ya hapo ziwe matuta ya mboga na matunda. Mita tatu za mwisho, kando ya ukuta, ziachiwe ndege, vipepeo na vyura, na ijulikane kwamba huko watoto huenda mchana, wakiwa wamevaa viatu, na mdogo haendi peke yake.

Mume wako ni mtu wa karatasi na hesabu, kwa hiyo mpe hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eneo lenu la nyuma ni mita za mraba 220. Likifunikwa lote kwa pevingi, mvua moja ya milimita 20, ambayo kwa Mbeya ya Januari si mvua ya kusimuliwa, itateremsha karibu lita 4,400 kwenye msingi wa ukuta wa jirani, na hiyo ni bila kuhesabu maji ya bati. Ukuta huo ukianguka, hakuna atakayemlaumu kinyonga. Udongo wenye mizizi hunywa maji hayo kwa utulivu. Tena, pevingi ya mita mbili badala ya kumi na moja itamwachia fedha za kununulia tangi, na nadhani hoja hii itamwingia kuliko yangu yote kuhusu vipepeo.

Tangi hilo ni la lazima zaidi kuliko miche yenyewe, kwa sababu mvua zetu huanza kukolea Novemba na huisha Aprili au Mei, na baada ya hapo ni miezi ya baridi kavu na vumbi hadi Oktoba. Upande mmoja tu wa paa lenu, tukisema ni mita za mraba 60, utakusanya kama lita 1,200 kwa ile mvua ya milimita 20. Tangi liwe na mfuniko unaofungwa, na mahali maji yanapoingilia pawekwe wavu mzito, ili mbu wasipate pa kutagia na mtoto asipate pa kuchungulia.

Kuhusu mimea, nakusihi usiende kwenye kitalu cha kando ya barabara ukanunua kila chenye ua. Maua mengi yanayouzwa yamekuzwa kwa ajili ya macho ya watu, na baadhi yana petali zilizojazana hata nyuki hawezi kufika kwenye nekta. Fikiria kwanza nani unamkaribisha na anakula nini katika mwezi gani. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, hivyo anatafuta maua yaliyo kama mrija. Mpandie mshubiri, kwa kuwa aina nyingi za mshubiri huchanua wakati wa kiangazi, wakati ambapo maua mengine yamelala na ndege wana njaa. Mpandie pia ule mmea mrefu wa porini unaoota kando ya barabara zetu, wenye maua ya rangi ya chungwa yanayoizunguka shina lake kama mipira iliyopangwa ngazi kwa ngazi. Watu huufyeka kama gugu, na mbegu zake utazipata bure. Kwa uzio wa ndani, kuna kile kichaka cha maua ya chungwa yaliyo kama tarumbeta ndogo, ambacho ni cha kwetu kusini na hukubali kukatwa mara kwa mara. Michongoma mliyo nayo majirani wengi ni mizuri kwa ndege kujenga viota, lakini miiba yake haifai kuwa karibu na mpira wa mtoto.

Ukitaka mti mmoja wa kudumu zaidi ya mparachichi, chagua mtalawanda, ambao una maua ya manjano na haujitandi sana kwa upana, na uupande mbali na ukuta na shimo la maji machafu. Usishawishiwe na mkaratusi wala mkuyu. Mkaratusi hunywa maji ya wote, na mkuyu, ambao ndege wanaupenda kweli, una mizizi ambayo haiheshimu msingi wa nyumba. Mringaringa pia ni mti mzuri kwa nyuki, ila unataka kiwanja kikubwa kuliko chako. Mparachichi uacheni ulipo. Maua yake ni karamu ya nyuki na majani yake yanayodondoka yafunike matuta badala ya kuchomwa. Hata hivyo, bembea isifungwe kwenye tawi lake, kwa kuwa mti wa parachichi hukatika ghafla bila kulia. Simikeni nguzo mbili za mbao kwenye ukoka.

Vipepeo nao wana jambo ambalo wengi hawalipendi: huwezi kumpata kipepeo bila kumvumilia kiwavi. Panda mlimau mmoja, kisha mwambie binti yako atafute kwenye majani yake machanga kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege. Hicho ni kiwavi mchanga wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Anapokua hubadilika kuwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali ili kukutisha. Atakula majani kadhaa, na mlimau utayarudisha. Lakini mkipulizia dawa ya kuua wadudu kwenye mboga zilizo hatua mbili kutoka hapo, mtakuwa mmemwalika mgeni na kumwekea sumu mezani, na chozi anayewalisha makinda wake wadudu hao atapata sehemu yake. Kwenye chainizi na figiri tumieni majivu, maji ya sabuni ya kipande na vidole vya watoto, ambavyo vikipewa ujira mdogo kwa kila kiwavi wa kabichi hufanya kazi nzuri ya kushangaza.

Maji ya ndege yawekwe kwenye sahani pana ya udongo yenye kina kisichozidi vidole vitatu, na ndani yake mawe machache ya kukanyagia, juu ya kigingi kinachofika kifua cha binti yako, na mahali ambapo paka wa jirani hana kichaka cha kuvizia. Yabadilishwe kila baada ya siku mbili, kwani mbu anahitaji wiki nzima au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Hiyo iwe kazi ya mvulana, akiwa na dada yake.

Bwawa usichimbe. Najua unataka kusikia chura, lakini mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini, na miaka minne ni umri wa kuteleza. Badala yake, pale ambapo maji ya ziada ya tangi yanamwagikia, katika kona ya mbali kabisa, chimbeni shimo la nusu mita, mulijaze kokoto na udongo mwepesi, halafu mupande magimbi juu yake. Udongo utakaa mbichi bila maji kutuama, na vyura watajificha chini ya majani mchana na kutoka usiku kula wadudu. Waambie watoto wasitafune majani ya gimbi mabichi, yanawasha mdomo vibaya. Naamini mama mkwe ataeleza hilo vizuri kuliko mimi.

Nyuki aliyemuuma mwanao nampa pole, lakini kwenye ua nyuki yuko kazini na hana ugomvi na mtu. Huuma akikanyagwa, akishikwa au akilinda kundi lake. Kwa hiyo hofu yako ielekee kwenye kiota, si kwenye maua. Zibeni matundu kwenye dari na kwenye ukingo wa bati, msitundike mzinga wa nyuki wanaouma katika kiwanja cha mjini, na kundi likitua kwenye mti siku moja msilitupie jiwe wala moshi, bali mwiteni mfugaji wa nyuki. Yale maua yanayovutia nyuki zaidi yawekwe kwenye mita tatu za mwisho, na mtoto asicheze pekupeku kwenye ukoka wenye vijiua. Ukiona nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, waacheni wapate gogo kavu pale nyuma, kwa kuwa hao ndio wanaoufanya mpasheni uzae vizuri.

Bundi akija kutua kwenye mparachichi, jua kwamba amefuata panya, na mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba huyo anafanya kazi ileile anayoitaka yeye. Sikuahidi kwamba atakubali.

Jambo jingine fupi: mtu akikuuzia maua ya Kitulo yaliyong'olewa na viazi vyake, kataa. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kuchimba mimea ndani yake ni kosa, na maua yale yaliyozoea uwanda wa baridi mara nyingi hufa yakihamishiwa kwenye kopo mjini. Wapelekeni watoto wakayaone huko huko, kati ya Desemba na Aprili yanapochanua. Vivyo hivyo, mnyama wa porini hakamatwi akaletwa nyumbani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na bustani yako inatakiwa kuwa ya wale wanaokuja kwa miguu na mabawa yao.

Kwa mpangilio wa kazi, Septemba hii ondoeni rundo, ng'oeni mnyonyo na mufunge tangi. Oktoba chimbeni mashimo na kuyajaza samadi iliyooza. Miche isiguse ardhi kabla mvua haijatulia, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa maana mvua ya kwanza ya Mbeya hupenda kudanganya na kisha kukata wiki mbili. Ukoka upandwe kwa vipande wakati huohuo, nao utakuwa umefunga ardhi kabla ya baridi ya Juni. Mpeleke mama mkwe kuchagua mbegu za maboga na maharage ya matuta, na zile anazozihifadhi mwenyewe zipewe nafasi ya mbele.

Nimebaki na kinyonga. Nyanda zetu za juu za kusini zina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo yule wa milima ya Uporoto ambaye dume lake lina pembe tatu kama kifaru aliyepunguzwa. Wa kwenye mpasheni wako huenda alikuwa wa kawaida, naye alikuwa akila nzi na panzi, akitembea kwa mwendo ambao hata bibi angeweza kumpita. Sikushauri ubishane na mama mkwe kuhusu mkosi. Muombe jambo moja tu: akitokea mwingine, asiuawe mbele ya mtoto, bali binti yako aitwe na achukue kijiti kirefu, amwache kinyonga apande juu yake mwenyewe, kisha ampeleke kwenye mita tatu za nyuma, ambako bibi amekwishakubaliana nanyi kwamba si upande wake.